Samaki wawindaji ndani ya kioo: maji maangavu si lazima yawe safi

Mwezi Januari, maziwa yaliyomo ndani ya jiji la Minneapolis hugeuka uwanja wa barafu. Watu hutembea juu yake, na wavuvi hutoboa mashimo ili kuteremsha ndoano zao. Lakini ndani ya nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, huenda pakawa na tangi la kioo lenye maji ya nyuzijoto 26, na humo wakaogelea samaki ambao asili yao ni miamba ya Ziwa Nyasa.

Ufugaji wa samaki wa mapambo ni burudani ya miaka mingi katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, nchini Marekani. Chama cha Minnesota Aquarium Society huwakutanisha wafugaji wa huko. Kusini mwa miji hiyo, huko Bloomington, jumba la samaki lililofunguliwa mwaka 1996 ndani ya Mall of America huwaonyesha wageni papa wakipita juu ya vichwa vyao.

Miongoni mwa wafugaji hao wapo wanaovutiwa na samaki wakali: wale wanaowinda, wanaopigania mipaka yao na wasiomvumilia jirani. Samaki wa namna hii wana sura na tabia za kuvutia. Hata hivyo, huja na swali gumu. Je, maji ya tangi dogo yatabakije safi ilhali wakazi wake hula nyama, huchafua kwa kasi, na humshambulia hata yule anayekuja kuwasafishia?

Jibu la haraka la wengi ni kumwaga maji yote na kusugua kila kitu. Na mara nyingi jibu hilo ndilo linalowaua samaki.

Wageni kutoka Maziwa Makuu

Baadhi ya samaki hao wakali si wageni kwa msomaji wa Kiswahili. Kutoka Ziwa Tanganyika hutoka kuhe, samaki mwindaji ambaye urefu wake huweza kuzidi sentimita 60. Kutoka Ziwa Nyasa, ambalo wengine huliita Ziwa Malawi, hutoka mbuna, jina lililotolewa na wavuvi wa ziwa hilo kwa samaki wa rangi kali wanaoishi kwenye miamba. Mbuna wengi hula mwani, lakini kwa ugomvi hawana mfano.

Ziwa hilo hilo lina mwindaji mwenye hila, anayejulikana kwa jina la kisayansi la Nimbochromis livingstonii. Samaki huyu hulala ubavu chini kabisa, madoadoa yake yakimfanya aonekane kama mzoga unaooza. Samaki wadogo wanaposogea kudonoa, mzoga hufufuka na kuwameza.

Amerika Kusini nayo imechangia piranha, pamoja na oscar, samaki mnene anayemtambua amletaye chakula na kumfuata kwa macho chumbani.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470. Kinyesi cha kuhe mmoja humo hupotea bila athari yoyote. Tangi la galoni 75, ambalo ni la kawaida sebuleni mwa mfugaji wa Kimarekani, lina lita 280 hivi tu. Kila kinachotoka mwilini mwa samaki hubaki humo pamoja naye.

Sumu isiyo na rangi

Mwindaji hula protini. Takriban asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni, na sehemu kubwa ya naitrojeni asiyoitumia samaki huitoa kama amonia, hasa kupitia matamvua yake. Kwa hiyo, tangi la walaji nyama huzalisha amonia kwa wingi, hata kabla ya kuhesabu kinyesi na mabaki ya chakula.

Amonia haina rangi. Maji yaweza kumeremeta kama ya chemchemi huku matamvua ya samaki yakiungua. Dalili huja kwa kuchelewa: samaki huhema juu juu karibu na uso wa maji, hupoteza rangi, hukataa chakula.

Ukali wa sumu hii hutegemea kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi au alkali katika maji. Katika nyuzijoto 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iliyomo majini huwa katika umbo lenye sumu kali. Sehemu iliyobaki huwa katika umbo la amoniamu, ambalo madhara yake ni madogo sana. Kipimo kikifika pH 9, sehemu yenye sumu hupanda hadi zaidi ya theluthi moja.

Jambo hili lina maana kubwa kwa samaki wa Afrika Mashariki. Piranha na oscar wamezoea maji ya Amazon, ambayo mengi huelekea asidi. Kuhe na mbuna wamezoea maji ya alkali, na maji ya Tanganyika huzunguka pH 9. Amonia kiasi kile kile inayovumilika katika tangi la piranha yaweza kuwa kifo katika tangi la kuhe.

Chujio ni kiumbe hai

Kinachomwokoa samaki ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo maadamu haijarundikana.

Kwa muda mrefu vitabu vya wafugaji viliitaja bakteria iitwayo Nitrobacter kuwa ndiyo itendayo kazi ya pili. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa katika matangi ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira. Mwaka 2015 wanasayansi wakabaini kuwa baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya hatua zote mbili peke yao.

Bakteria hao hujishikiza kwenye sponji, kokoto na vigae vya ndani ya mashine ya kuchujia. Mtu anayeitoa sponji hiyo na kuisugua chini ya bomba hadi iwe nyeupe huwa ameosha uchafu na kuua walinzi wake kwa wakati mmoja. Siku mbili baadaye maji bado yanang'aa, na samaki wanaanza kufa.

Njia iliyo salama ni kuikamua sponji ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Wenye samaki wakubwa wawindaji mara nyingi huweka mashine mbili, na kuzisafisha kwa zamu, wiki tofauti. Sabuni haikaribii kabisa, wala ndoo iliyowahi kutumika kudekia sakafu.

Tangi jipya huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hawajatosha. Kumtia mwindaji mkubwa humo siku ya kwanza ni kumweka katika nyumba isiyo na choo.

Kinachotoka bombani

Minneapolis na Saint Paul hupata sehemu kubwa ya maji yao kutoka Mto Mississippi. Maji hayo hulainishwa kwa chokaa, kisha hutiwa kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia unaoua vijidudu na kudumu muda mrefu ndani ya mabomba. Kanuni za Marekani zinaruhusu hadi miligramu 4 za kloramini kwa lita ya maji ya kunywa.

Kwa binadamu kiwango hicho ni salama. Kwa samaki ni sumu, kwani kloramini hupenya kwenye matamvua na kuingia katika damu.

Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapomponza mfugaji. Wengi walifundishwa kuacha ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Klorini hutoka, kloramini haitoki kwa urahisi huo. Aidha, baadhi ya dawa za bei nafuu za kutibu maji huvunja kloramini na kuiacha amonia yake majini. Mfugaji wa miji hii hana budi kuchagua dawa ambayo maelezo yake yanasema wazi kwamba hushughulikia kloramini na amonia kwa pamoja.

Kulainisha maji kwa chokaa nako kuna matokeo mawili. Maji hubaki upande wa alkali, lakini sehemu ya madini yanayozuia pH isibadilike ghafla huwa imeondolewa. Jambo hilo la pili ndilo linaloandaa ajali iliyo ngumu kuelezeka kwa aliyepatwa nayo.

Hatari ya usafi wa ghafla

Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati, huzalisha asidi. Katika tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi, asidi hiyo hula madini ya kinga hadi yakaisha. Kipimo cha pH hushuka, na pH ikishuka mno, bakteria nao hulegea. Amonia hurundikana, lakini kwa kuwa maji yamekuwa ya asidi, karibu yote hukaa katika umbo lile lisilo na sumu kali. Samaki huendelea kuishi, ingawa kwa unyonge.

Kisha siku moja mwenye tangi huingiwa na aibu. Huondoa maji nusu au zaidi na kujaza maji mapya ya alkali kutoka bombani. Kipimo cha pH hupanda kwa saa moja, na amonia iliyolala huamka. Samaki waliovumilia uchafu kwa miezi hufa jioni ya siku waliyosafishiwa, na mwenyewe hubaki akilaumu maji ya jiji.

Dawa ya tangi lililotelekezwa ni subira: kupima kwanza, kisha kubadilisha maji kidogo kidogo, asilimia 10 hivi kwa siku, huku pH na amonia vikipimwa kila mara. Chupa ndogo za kupimia amonia, nitriti, nitrati na pH zinauzwa katika maduka ya wanyama wa nyumbani, na ni kifaa cha usafi kama ulivyo mpira wa kuvutia maji.

Ratiba ya mwenye wawindaji

Usafi wa tangi la namna hii huanzia kwenye chakula. Samaki mzima mwindaji hahitaji kushibishwa kila saa. Wengi hutosheka na mlo mmoja kwa siku, na wakubwa zaidi hupitisha siku kadhaa. Vipande vya samaki, kamba au tembe maalumu hutolewa kwa kiasi kinachoisha kwa dakika chache, na kinachobaki huondolewa papo hapo kwa koleo refu.

Wapo wanaopenda kuwarushia wawindaji wao samaki hai wa bei rahisi. Tamasha hilo lina gharama yake. Samaki hao mara nyingi huja na vimelea na magonjwa, na wale wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, hivyo anayewala daima hudhoofika. Nyama ya ng'ombe nayo ina mafuta ambayo samaki hayeyushi vyema, na masalia yake huyachafua maji upesi.

Kwa wiki, wafugaji wengi wa samaki hawa hubadilisha kati ya asilimia 30 na 50 ya maji, wakilenga nitrati isizidi miligramu 20 hadi 40 kwa lita. Uchafu wa chini hunyonywa kwa mpira wakati huo huo. Wengi huacha sakafu ya tangi wazi au huweka mchanga mwembamba, kwa sababu changarawe nene huficha mabaki ya nyama. Mpira huo usianzishwe kwa kuvuta kwa mdomo, kama wafanyavyo watu wanapohamisha mafuta ya taa. Maji ya tangi yana vijidudu visivyofaa kumezwa.

Ugomvi nao huchafua maji

Katika tangi la wakali, usafi na amani haviachani. Samaki aliyeraruliwa pezi huwa na jeraha wazi, na katika maji machafu jeraha hilo huoza. Anayefukuzwa kutwa nzima hujificha, hukonda na kushikwa na maradhi.

Wenye mbuna huwa na mbinu ya kuwaweka wengi pamoja ili mbabe asipate mnyonge mmoja wa kumwandama. Mbinu hiyo husaidia, lakini huongeza kinyesi, kwa hiyo humlazimu mfugaji kuongeza uwezo wa chujio na kubadilisha maji mara nyingi zaidi. Hakuna amani inayopatikana bila gharama.

Ndiyo maana mfugaji makini huhesabu samaki wake kila siku wakati wa kula. Asiyejitokeza hutafutwa. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza, na ndani ya lita 280 msemo huo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa: mzoga mmoja nyuma ya jiwe hutoa amonia ya kutosha kuwaangamiza waliobaki.

Mkono wa mfugaji

Wakati wa kusafisha, wakali hutengwa kwa kipande cha plastiki chenye matundu kinachogawa tangi mara mbili. Upande mmoja ukimalizika, samaki huhamishiwa huko. Kwa piranha, mkono mtupu haupaswi kuingia kabisa upande walipo. Na samaki aliyebanwa kwenye pembe, awe wa aina yoyote, ni hatari zaidi kuliko mwenye njaa.

Hatari nyingine haina meno. Bakteria iitwayo Mycobacterium marinum, ambayo ni ya ukoo mmoja na ile ya kifua kikuu, huishi katika maji ya samaki na huweza kuingia kupitia mchubuko mdogo mkononi. Vidonda vyake huchukua miezi kupona. Glavu ndefu, na kunawa kwa sabuni baada ya kazi, ni kinga ya kutosha kwa wengi. Mwenye kidonda kisichopona amweleze daktari kwamba anafuga samaki.

Umeme nao ni wa kuchungwa. Kabla ya kuteremsha maji, hita huzimwa na kuachwa ipoe, kwani kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa moto hupasuka. Samaki wakubwa nao huweza kuivunja kwa mkia, kwa hiyo huwekewa kizuizi.

Majira ya baridi ya Minnesota yana masharti yake. Maji ya bombani wakati huo huwa baridi sana, na ni lazima yachanganywe na ya moto hadi yalingane na ya tangini. Umeme ukikatika, bakteria wa chujio, wanaohitaji oksijeni, huanza kufa baada ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huweza kuokoa tangi zima.

Nje ya kioo

Maji machafu yanayotolewa humwagwa kwenye sinki au choo, au bustanini wakati wa kiangazi. Hayamwagwi kwenye mifereji ya mvua iliyo kando ya barabara, kwa sababu mifereji hiyo hupeleka maji kwenye maziwa na Mto Mississippi bila kuyasafisha.

Samaki nao hawatupwi huko. Anayenunua oscar wa urefu wa kidole hushangaa mwaka mmoja baadaye kumwona akijaza tangi. Wengine hushawishika kumpeleka ziwani. Sheria ya Minnesota inakataza. Mnamo Julai 2021, mji wa Burnsville, ulio kusini mwa Minneapolis, ulitoa picha za samaki wa dhahabu walionenepa kupita kiasi, waliovuliwa katika Ziwa Keller, na kuwasihi wakazi wasiachilie samaki wao wa nyumbani. Samaki hao huvumilia baridi, huchimbua matope na kung'oa mimea, na maji huchafuka.

Serikali ya Marekani nayo imeziorodhesha baadhi ya jamii za samaki kuwa viumbe waharibifu wasioruhusiwa kuingizwa nchini wakiwa hai bila kibali. Mojawapo ni jamii nzima ya kambale, anayejulikana vyema kwenye vyungu vya Afrika Mashariki.

Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa sababu. Sangara, mwindaji anayeweza kukaribia urefu wa mita 2, aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980, furu, samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina, walikuwa wametoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba aina zipatazo 200 zilipotea.

Lakini sangara hakufanya kazi hiyo peke yake. Udongo, mbolea na maji taka viliyafanya maji ya ziwa kuwa na tope na kupungukiwa oksijeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa katika maji yenye tope furu wa kike hushindwa kutambua rangi za wanaume wa aina yao, na aina huchanganyika hadi zikapotea. Mwindaji na maji machafu viliungana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taasisi za wanyama na samaki za Marekani zilianzisha mpango wa pamoja wa kuwazalisha furu ndani ya matangi, na baadhi ya wafugaji wa majumbani nao wakawatunza. Kwa baadhi ya aina hizo, kioo kilikuwa kimbilio.

Mambo mawili yaliyoliangamiza kundi la furu katika ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika ndiyo yanayokutana kila siku ndani ya lita 280 sebuleni. Tofauti ni kwamba ziwa lilichukua miongo mitatu kudhihirisha madhara. Tangi huchukua siku mbili, na mtu wa kuyazuia ni mmoja tu, yule aliyeshika ndoo.